Mkutano wa hosteli watu hawaji? Ingieni laivu

Viongozi wa bloku nawaona kila siku mnalalamika mnaita mkutano saa mbili usiku wanakuja watu tisa, sasa mtu katoka lekcha ana wali wake jikoni unataka ashuke ghorofa nne kusikiliza habari za pampu ya maji? Fanyeni laivu YouTube, atawasikiliza huku anageuza maharage.

Ila jiandaeni mapema. Kurusha laivu kwa simu YouTube wanataka chaneli iwe na masabskraiba 50, na mara ya kwanza ukiomba kuwashiwa laivu inaweza kuchukua hadi masaa 24, kwa hiyo ukikumbuka saa moja na nusu umeshachelewa. Bloku moja tu mnazipata hizo 50, mzunguke mlango kwa mlango.

Waifai ya hosteli usiku msiitegemee, kila mtu anadaunlodi muvi. Changeni bando.

Sauti ndo kila kitu. Sisi mara ya kwanza tuliweka simu dirishani tukasimama mbali, komenti zote "hatusikii" mpaka mwisho, toka hapo tunatumia ile maiki ya iafoni tunaibana kwenye kola. Na mtu mmoja kazi yake iwe kusoma komenti tu, anamtaja mtu na chumba chake, "wa 214 anauliza taa ya koridoo", hapo ndo utaona wanavyochangamka maana wale wakimya wa mkutanoni ndo wanaoandika sana. Dakika 25 zinatosha jamani, msihutubie.