Somo: khaite, khaiya, khaile (Kibengali cha Dhaka)

Wakuu, swali ni lile lile: kwa nini Wabangladeshi tunaofanya nao kazi hapa Muscat hawasemi kama kitabu? Naandika mara moja, mengine tuelekezane hapa. Nazungumzia maumbo ya kitenzi yasiyobeba nafsi (hayaonyeshi nani anatenda), kwa usemi wa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh.

1. Jua kwanza maumbo ya vitabuni: khete (kula), kheye (baada ya kula), khele (mtu akila).

2. Dhaka wametunza i ya zamani: khaite, khaiya, khaile. Ami jaite chai, nataka kwenda.

3. Mzizi ukiishia konsonanti, i huiruka konsonanti hiyo na kukaa kabla yake. Koriya ya maandishi ya kale ikawa koira (kisha kufanya), rakhiya ikawa raikha (kisha kuweka). Kolkata, upande wa India, i hiyo ilimezwa, na ndivyo vitabu vinavyoandika: kore, rekhe.

4. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Khaiya hudai mtendaji awe yule yule wa kitenzi kikuu: ami bhat khaiya jamu, nitakula wali kisha niende. Watendaji wakiwa wawili, shika khaile: tumi khaile ami jamu, ukila nitaenda. Usithubutu "tumi khaiya ami jamu", msikilizaji atabaki anatafuta nani kala. Na -ki- yetu ya Kiswahili isikudanganye: hutanguliwa na nafsi, khaile haina nafsi. Nikila, ukila, akila, zote khaile. Mtaje mtendaji asipojulikana.

5. Neno "na" la Kibengali, la kukanusha, hutangulia maumbo haya: na khaiya, bila kula; na khaile, usipokula. Kwa kitenzi kikuu hufuata: jamu na, sitaenda.

MASWALI

– Mkuu, tupe orodha ya vitenzi vyote.
– Hatua ya 3. Isome.

– Umekosea, rafiki yangu wa Chittagong hasemi hivyo.
– Nimeandika Dhaka, juu kabisa. Usemi wa Chittagong uko mbali, hata mtu wa Dhaka humpa tabu.

– Samahani mwalimu, kwenda ni jaite, mbona nasikia pia giya na gele?
– Una sikio zuri, ndugu yangu. Kitenzi hicho kina mizizi miwili: jaite kwa ja-, halafu giya (kisha kwenda) na gele (mtu akienda) kwa mzizi mwingine. Vitabuni ni hivyo hivyo: jete, giye, gele.

– Na "koira dimu" je? Msimamizi wetu haachi kuisema.
– Dimu peke yake ni nitatoa, nitampa. Ikifuata koira inakuwa "nitakufanyia", kazi ile ile ya -i- katika fanyia. Jaribu na raikha: raikha dimu, nitakuwekea. Mwambie hivyo kesho anapokukabidhi funguo.