Kabla hujanunua vani iliyogeuzwa nyumba

Kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni kitanda. Muuzaji atavuta mlango wa ubavuni, macho yako yatatua kwenye mbao zilizopigwa vanishi, mito ya rangi, na vitaa vya manjano vilivyofichwa chini ya kabati. Hapo hapo moyo umeshahamia ndani na unapanga vikombe. Mimi na mume wangu tulihamia hivyo mara mbili. Mara ya kwanza ilitugharimu pauni 200 za arbuni, na hatukuziona tena.

Hapa Uingereza kempa ndogo, magari haya ya kulala safarini, nyingi hazikuzaliwa kempa. Zilikuwa vani za kazi: Nissan NV200, Volkswagen Caddy, Ford Transit Connect na wenzao. Zilibeba vifurushi, mabomba, mikate, maua, mpaka siku mwenyewe alipoziuza na seremala akaingia na msumeno. Kwa hiyo unanunua vitu viwili kwa bei moja: gari la mizigo lenye maisha yake ya nyuma, na useremala wa mtu usiyemjua. Kagua kila kimoja peke yake, na uanze na gari. Kabati bovu utalibadilisha Jumamosi moja.

Uliza gari lilifanya kazi gani, halafu usitosheke na jibu. Simama ubavuni jua likipiga kwa upande, utazame rangi. Stika za kampuni zikibanduliwa huacha kivuli, kwa sababu rangi iliyokuwa chini yake haikupauka na jua. Yetu ilionyesha nusu ya namba ya simu na mchoro wa bomba la maji, ingawa muuzaji alisema ilikuwa ya bibi mmoja mtunza bustani. Vani ya fundi bomba imebeba chuma kila siku, kwa hiyo tazama springi za nyuma na jinsi gari linavyokaa. Ya vifurushi imesimama na kuondoka mara nyingi kwa siku, basi shughulika na klachi, breki, na ule mlango wa kuvuta. Ufungue na kuufunga mara kumi bila haya.

Namba ya gari peke yake inakupa mengi. Iweke kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, na utaona matokeo ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, pamoja na maili zilizosomwa siku ya ukaguzi. Wengi hutazama neno "limefaulu" wakafunga ukurasa. Soma yale maoni ya chini, yale ambayo mkaguzi hakuyaona makubwa kiasi cha kulifelisha gari. Ukikuta kutu ya sehemu ile ile imeandikwa miaka mitatu mfululizo, jua mwenye gari aliisoma mara tatu na mara tatu akanunua mito.

Siku ya kwenda kuliona la pili nilimpigia kaka yangu video. Yeye ni fundi gereji Tanga na hajawahi kulala ndani ya gari kwa starehe hata siku moja. Nilianza kumwonyesha sinki.

"Mdogo wangu, sinki halitembei. Weka kiganja kwenye boneti."

Nikaweka. "Ya moto, kaka."

"Basi mwambie akupe chai, usubiri ipoe."

Gari linalopashwa moto kabla mnunuzi hajafika lina neno, hasa la dizeli, maana ubishi wa kuwaka asubuhi huonekana likiwa baridi. Tulikaa dakika arobaini na tano nje ya nyumba ya watu. Lilipopoa likawaka kwa jaribio la tatu, na kaka akasikiliza kupitia simu. Kisha akauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. NV200 ya dizeli ya lita 1.5 ina mkanda, na ukikatika njiani vali na pistoni hugongana, injini ikawa ya kuzikwa. Dai risiti. Kauli ya "ulibadilishwa juzi juzi" haina tarehe wala maili. La petroli, lita 1.6, lina cheni, kwa hiyo swali hilo halilihusu.

Dizeli ina jambo jingine. Kuna kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wenye joto. Kempa ikikaa mlangoni wiki nzima na kutoka kwenda dukani tu, kichujio huziba. Kama wewe safari zako ni mbili kwa mwaka na zilizobaki ni za sokoni, fikiria petroli. Kichujio kikiwa kimeng'olewa, kama wafanyavyo wajanja, MOT halipiti.

Halafu ingia uvunguni. Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inavyokula bati. Huku bahari inaletwa barabarani kwa lori, kila usiku wa baridi wanamwaga chumvi ili barafu isishike. Chukua tochi, piga magoti, tazama kingo za chini ya milango, matao ya magurudumu, na mahali springi zinaposhika bodi. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa wiki iliyopita ni pazia, liulizie. Ukitoka hapo tazama palipotobolewa: kila dirisha lililoongezwa limekatwa kwenye bati zima, na bati lililokatwa lisipopakwa rangi ukingoni huanza kuoza kimya kimya chini ya mpira. Skrubu za kabati nazo wakati mwingine zimepita sakafu mpaka nje. Nilihesabu nne kwenye ile gari ya kwanza, ncha zake zina kutu kama meno ya mzee wa ugoro. Paa la kuinuka lina mengi zaidi: turubai lina ukungu au halina, linavuja au halivuji, na ni nani aliyelikata paa la gari na kwa idhini ya kiwanda gani. Mwombe muuzaji aliinue na kulishusha mwenyewe, umtazame jasho.

Sasa ndani. Lala. Vua viatu, mlale wote wawili, mlango ufungwe. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Sakafu ya mizigo ya NV200 ina mita 2.04 kiwandani, na ukisoma hivyo unadhani mtu mrefu anatosha. Katika ile gari ya kwanza kabati la nyuma lilikuwa limekula sentimita ishirini na kitu, na mume wangu, mwenye futi sita na inchi mbili, alilala kama alama ya kuuliza. Geukeni. Mmoja aamke kwenda haja bila kumkanyaga mwenzake. Kitanda kikikunjwa, jaribuni kukitandika tena nyinyi wenyewe. Kama kinahitaji dakika kumi na matusi mchana, usiku wa mvua kitahitaji zaidi.

Umeme ndipo useremala wa mtu unapojulikana. Mwambie akufungulie palipo na betri ya pili. Ukikuta nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, hakuna fyuzi karibu na betri, wala hakuna anayejua waya mwekundu unaenda wapi, funga mlango uende zako. Kempa haziungui kwa sababu ya uchawi. Uliza aina ya betri na uipigie hesabu: friji ndogo ya kompresa hula kama ampea 4 inapofanya kazi, na ikifanya kazi saa nane kwa siku ni ampea-saa 32. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo unazo 50. Siku moja na nusu umeimaliza, na hujachaji simu. Ya lithiamu inakupa karibu zote, nayo bei yake inajua hivyo. Paneli ya jua juu ya paa inasaidia sana Julai. Desemba ni pambo. Na kwenye vani mpya mpya alternata, jenereta ya injini, hupunguza chaji yenyewe ili kubana mafuta, hivyo betri ya pili inahitaji chaja yake maalumu kati yake na ya gari. Muuzaji akisema "inajichaji ukiendesha", mwombe akuonyeshe kifaa kinachofanya kazi hiyo.

Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni, pale pale ulipolaza godoro. Mtungi uliofungwa humo unatakiwa uwe kwenye kasha lake lililozibwa kwa ndani, lenye tundu la chini linalotoka nje, na kazi hiyo ikaguliwe na fundi aliyesajiliwa Gas Safe kwa gesi ya magari ya aina hii. Kempa nyingi ndogo hukwepa yote hayo kwa jiko la kubebeka lenye kopo la butani. Ni sawa, ila butani karibu na nyuzi sifuri haitaki kugeuka gesi, na wewe ndipo unapotaka chai. Hita ya dizeli ni neema, mradi bomba lake la moshi litoke nje chini ya gari na lisiishie chini ya dirisha. Kengele ya monoksidi ya kaboni nunua mpya hata kama ipo. Hewa hiyo haina harufu na inaua watu waliolala.

Kama mna watoto, viti vya nyuma ndivyo vya kuangalia kuliko kitu kingine chochote humu. Benchi zuri lililofungwa kwenye ubao ni la kunywea chai gari likiwa limesimama. La kusafiria linafungwa kwenye chuma cha gari, lina mkanda wake, na linafaa zaidi likiwa na karatasi ya kufanyiwa majaribio ya kugongwa. Mtoto aliye chini ya miaka 12 na chini ya sentimita 135 kisheria anahitaji kiti chake, na kiti chake kinahitaji pa kushika. Uzito pia: kibao cha namba ya chesisi kinasema gari likijaa lisizidi kilo ngapi. Mbao, betri, maji lita ishirini, watu wanne na jamvi vyote vimo. Kuna mizani za umma, ukishanunua pitia.

Kwenye kadi ya gari, ile V5C, tazama bodi imeandikwaje. Nyingi zimebaki "vani" au "vani yenye madirisha", kwa sababu DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, haibadilishi kuwa kempa mpaka gari lionekane kempa hata kwa nje. Kulala humo hukatazwi, lakini mwambie wakala wa bima neno lililoandikwa na kilichomo ndani, maana bima ya vani ya mizigo haijui habari za kitanda na friji. Mwendo nao hubadilika: vani ya mizigo isiyo miongoni mwa zile zilizotokana na gari dogo, kikomo chake nje ya mji ni maili 50 kwa saa pale ambapo gari dogo linakwenda 60. Kadi hiyo pia haithibitishi umiliki, inaonyesha mtunzaji aliyesajiliwa. Lipia ukaguzi wa deni, kwa sababu mkopo uliowekewa gari unaweza kulifuata gari.

Mkikaa London, dizeli isiyofikia Euro 6, daraja la usafi wa moshi, italipa pauni 12.50 kila siku inayotembea, na tangu Agosti 2023 ni mitaa yote ya jiji. Petroli inatosha Euro 4. Birmingham wana yao. Wanaoota milima ya Scotland wakumbuke kwamba Glasgow na Edinburgh hawauzi ruhusa ya siku: gari lisilofaa likiingia eneo la katikati ni faini. Na ile haki maarufu ya Scotland ya kupiga hema popote ni ya waendao kwa miguu, kwa baiskeli na mfano wake, haina habari na mwenye injini.

Yale mengine hakuna muuzaji atakayekwambia, kwa vile si mwenzetu. Kitunguu kikikaangwa ndani ya vani mlango umefungwa, pilau itakaa kwenye godoro mpaka Idi ijayo. Tafuta yenye mlango mkubwa wa nyuma, upike chini yake kama kibandani. Choo cha kubebeka kipimwe kwa kukikalia, tena kinapokaa na si kinapohifadhiwa, na pawe na pa kuweka kopo la maji. Wawili wakilala, pumzi zao hugeuka maji kwenye bati, hivyo mahali pa hewa kupita juu ni lazima hata kukiwa na baridi. Panda ndani ukiwa na jozi ya nguo ulizovaa, uzivue, uone utazitundika wapi.

Kwa dila bei iwe na VAT ndani yake, usikie kwa masikio yako, kwani vani za kazi hutangazwa bila ile asilimia 20. Dila pia anakupa siku 30 za kulirudisha gari likiwa na ubovu. Mtu binafsi anakupa mkono wa kwaheri. Sisi tulinunua kwa mtu binafsi, na ndiyo maana tulikunywa chai yake dakika arobaini na tano. Kodi ya barabara ya mwenye gari wa zamani haihamii kwako, lipa kwa simu papo hapo kabla ya kugeuza ufunguo.

Usiku wa kwanza tuliulala mbele ya nyumba yetu wenyewe, mtaani, kusudi tujue kinachokosekana kabla ya kwenda mbali. Hita iliwaka, friji ikaguguna, kitanda kilitosha. Saa nane usiku mume wangu alivaa ndara, akavuka barabara kwenye mvua, akafungua mlango wa nyumba kuchukua kopo.