Somo: Kufikisha pendekezo la sheria kwa wapiga kura wa California, kuanzia rasimu hadi karatasi ya kura

Majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yanawaruhusu wananchi kuandika sheria wenyewe na kuipeleka kwenye kura ya jimbo zima bila kulisubiri bunge. South Dakota ilitangulia mwaka 1898, California ikafuata 1911 enzi za gavana Hiram Johnson. Hapa tunaishika California peke yake. Kila jimbo lina hesabu zake, kwa hiyo usizibebe tarakimu hizi ukaenda nazo Ohio.

Kabla ya yote, amua unachotaka: sheria ya kawaida au marekebisho ya katiba ya jimbo. Sheria ya kawaida inahitaji sahihi halali sawa na 5% ya kura zote za ugavana katika uchaguzi uliopita. Katiba inahitaji 8%. Kwa kura za Novemba 2022 hiyo ni 546,651 na 874,641, na hesabu hubadilika kila baada ya uchaguzi wa gavana. Wengi hukimbilia katiba wakidhani ndiyo kinga pekee dhidi ya wabunge. Si kweli. Hata sheria ya kawaida iliyopitishwa na wananchi, bunge haliruhusiwi kuibadilisha bila kurudi kwa wapiga kura, labda sheria yenyewe iliruhusu. Kama unachotaka hakigongani na katiba, sahihi laki tatu na ushee za ziada ni hela ya bure.

1. Rasimu

Unaweza kuandika mwenyewe, kuajiri wakili, au wapiga kura 25 wakaomba msaada wa ofisi ya wanasheria wa Bunge la jimbo. Mitego ni mitatu.

Kwanza, pendekezo liwe na jambo moja tu. Ukichanganya kodi ya mafuta na adhabu za wizi, mahakama italifuta.

Pili, wananchi wanaweza kurekebisha katiba lakini hawawezi kuifumua. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya California iliondoa pendekezo la kodi lililokuwa limeshatimiza sahihi, kwa hoja kwamba lingebadilisha muundo wa serikali wenyewe. Miaka sita kabla, Julai 2018, iliondoa lile la kuigawa California kuwa majimbo matatu. Fedha na sahihi za watu vilikuwa vimeshatumika.

Tatu, kifungu cha mabadiliko. Andika wazi kama bunge linaweza kurekebisha na kwa wingi gani wa kura. Pendekezo 22 la mwaka 2020, la madereva wa programu za simu, liliweka sharti la sehemu saba kati ya nane za wabunge wa kila chumba, yaani karibu haiwezekani. Ukisahau kifungu hiki, kosa dogo la uandishi litakulazimu kurudi kwa wapiga kura wote.

2. Mwanasheria Mkuu wa jimbo

Peleka rasimu pamoja na dola 2,000. Pendekezo likifuzu, yaani likipata sahihi halali za kutosha kuingia kwenye kura, ndani ya miaka miwili, fedha hurudi. Linawekwa hadharani siku 30 kwa maoni, na una hadi siku ya 35 kulirekebisha bila kutoka nje ya mada. Wataalamu wa bajeti wanakadiria athari zake kwa fedha za umma, kisha Mwanasheria Mkuu anatoa kichwa na muhtasari usiozidi maneno 100. Tenga miezi miwili na kidogo.

Hayo maneno 100 huyaandiki wewe, na ndiyo mpiga kura atakayosoma. Wenye uwezo hupeleka matoleo mawili au matatu ya pendekezo lilelile, wakalipia kila moja, halafu wakachagua lililopata muhtasari mzuri.

3. Fomu za sahihi

Kila kijitabu cha fomu kiwe na maandishi kamili ya pendekezo, na kila ukurasa wa sahihi ubebe kichwa na muhtasari. Liwepo tangazo kwamba anayekusanya huenda analipwa na kwamba raia ana haki ya kumuuliza. Kijitabu kimoja ni cha kaunti moja. Mkazi wa Alameda akisaini kwenye kijitabu cha San Francisco, sahihi imepotea. Mpe wakili aikague fomu kabla haijaenda kiwandani, maana kosa la uchapaji linaweza kuua fomu zote kwa mpigo.

4. Kukusanya

Una siku 180 tangu muhtasari utoke. Mkusanyaji awe na miaka 18 au zaidi, ashuhudie kila sahihi, na mwisho wa kijitabu ajaze kwa mkono wake jina, anwani na tarehe za kukusanya, akithibitisha chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Asiposaini tamko hilo, kijitabu kizima hakihesabiwi.

Anayesaini anaandika mwenyewe jina na anwani ya makazi: namba ya nyumba na mtaa. Sanduku la posta halikubaliki. Sahihi nyingi hufia hapa: mtu amehama na hajabadili usajili, hajajiandikisha kabisa, au sahihi yake haifanani na iliyoko kwenye kumbukumbu.

Ukifikisha 25% ya sahihi, mjulishe Katibu wa Jimbo, msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo, ili bunge liandae kikao cha kusikiliza. Na michango ikifika dola 2,000 ndani ya mwaka wa kalenda, sajili kamati yako ndani ya siku 10.

5. Kuhakiki

Fomu zinapelekwa ofisi ya uchaguzi ya kila kaunti (ziko 58), na katika kaunti husika zote ziende kwa mkupuo mmoja, hakuna kuongeza kesho. Kaunti zina siku 8 za kazi kuhesabu idadi ghafi. Ikitosha kwa jimbo zima, kila kaunti inachagua kwa kubahatisha sahihi 500 au 3%, ipi kubwa, na kuzikagua ndani ya siku 30 za kazi.

Makadirio yakiwa chini ya 95% ya lengo, umeanguka. Yakizidi 110%, umepita. Katikati hapo zinakaguliwa zote, siku 30 nyingine za kazi.

Sasa angalia wanaosaini mara mbili. Kwa sampuli ya 3%, sahihi moja inawakilisha kama 33. Lakini uwezekano wa nakala zote mbili za mtu mmoja kuangukia kwenye sampuli ni mdogo sana, kwa hiyo wakimpata mmoja, kanuni inachukulia wapo wengi waliofichika. Kila aliyejirudia anakukata takriban sahihi 1,077. Kumi tu ni zaidi ya elfu kumi. Ndiyo maana kampeni makini huchuja majina kabla ya kuwasilisha.

Piga hesabu hivi: 110% ya 546,651 ni kama 601,300. Kama robo ya sahihi zako ni mbovu, unahitaji karibu 802,000 mkononi. Mwaka 2014 pendekezo la kuigawa California mara sita liliwasilisha zaidi ya milioni 1.1, lengo likiwa 807,615. Likaanguka.

6. Kalenda

Pendekezo huenda kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba tu, au uchaguzi maalumu wa jimbo, na lifuzu siku 131 kabla. Kwa Novemba 3, 2026 hiyo ni Juni 25. Rudi nyuma na siku za kazi: kwa sampuli pekee wasilisha kabla ya katikati ya Aprili, ukiogopa ukaguzi kamili, mwanzoni mwa Machi. Hadi siku ya kufuzu mleta hoja anaweza kujitoa, na wengine hutumia nafasi hiyo kubanana na bunge wapate sheria ya maelewano. Sheria ya faragha ya data ya 2018 ilizaliwa hivyo.

Kwenye kura, zaidi ya nusu inatosha. Gavana hana turufu.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nina Green Card. Naruhusiwa kusaini?
Hapana. Kusaini ni kwa raia waliojiandikisha kupiga kura California. Na usikubali kujaza fomu ya usajili unayopewa pembeni, hata mtu akisisitiza. Kujiandikisha bila uraia kunaweza kukuharibia kesi yako ya uhamiaji. Kuchangia fedha kwa mkazi wa kudumu kunaruhusiwa.

Kwa nini tusikusanye kwa simu, mambo yaishe?
California inataka wino kwenye karatasi. Unaweza kuweka fomu mtandaoni mtu aichapishe, asaini, na ajaze pia tamko la mkusanyaji. Uchapaji uwe sahihi kila sehemu, ndipo wengi wanapokwama.

Kijana alinisimamisha nje ya supamaketi akasema "hii ni ya kupunguza kodi". Nilisaini, sasa nina shaka.
Muhtasari ndio wa kusoma, si maneno ya mkusanyaji. Wengi hulipwa kwa kila sahihi, jambo halali hapa. Omba pia kuona orodha ya wafadhili wakubwa. Kujitoa inawezekana: iandikie ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako kabla ya fomu kuwasilishwa.

Hii si sawa na ile ya Kenya ya sahihi milioni moja?
Zinafanana mwanzo tu. Ibara ya 257 ya katiba ya Kenya ni ya kubadilisha katiba pekee. Baada ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, kuthibitisha sahihi, muswada unakwenda mabunge ya kaunti, na yasipoukubali angalau 24 kati ya 47 ndani ya miezi mitatu, umekufa. Muswada wa Punguza Mizigo ulikwama hapo 2019. BBI (Building Bridges Initiative), muswada uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta, ilivuka, lakini Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kutumia njia ya wananchi. California haina kizuizi hicho cha katikati: sahihi zikitosha, kura inapigwa.

Na sisi wa Texas?
Kwa jimbo zima, njia hiyo haipo. Marekebisho ya katiba mnayopigia kura yametoka bungeni. Miji kadhaa ya Texas ina utaratibu wake wa sahihi, kwa hiyo anza kwa kusoma mkataba wa jiji lako (city charter, yaani katiba ya jiji), kisha muulize karani wa jiji idadi ya sahihi na tarehe za mwisho.