Somo: Kufungua bwawa wakati wa kaskazi, mto usikatike

Assalaam alaykum. Vuli ikiisha wengi wetu hufunga mlango wa bwawa kwa hofu, na ikifika Februari mto wa bondeni ushakuwa tope. Hesabu ifanywe katikati ya Disemba, bwawa likiwa bado limejaa.

1. Jua ulichonacho. Tuseme bwawa lina mita za ujazo 60,000 na uso wa hekta 3. Za chini 10,000 usiziguse, ni za samaki. Jua likinywa milimita 5 kwa siku, ni mita za ujazo 150; kwa siku 75, hadi mwisho wa Februari, zinapotea 11,000 na ushei. Za kutumia ni kama 39,000, yaani 520 kwa siku: lita 6 kwa sekunde.

2. Toa haki ya mto kwanza: lita 2 kwa sekunde, usiku na mchana. Zinazobaki 4 ni za mpunga, na zinatosha hekta 4 hivi. Anayetaka kulima zaidi apande mboga.

3. Pima. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, hizo ni lita 2. Andika kila wiki.

4. Ongeza na punguza kidogo kidogo. Ukifunga ghafla samaki hubaki vidimbwini wakafa. Maji ya chini ya bwawa yakinuka yai viza, yamekosa hewa. Yaangukie kwenye mawe kabla hayajaingia mtoni.

5. Fuata mwezi. Hapa Pemba mabonde mengi yanaishia kwenye mikoko, na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, ndiyo inayopandisha chumvi. Mwezi ukiandama, na tena ukitimia, upe mto lita 3 kwa sekunde, muda wa siku nne, na mpunga upungukiwe moja. Nimeona mashamba mazuri yakiachwa kwa chumvi, na inauma.

Maswali

Mwalimu, hiyo lita moja itaizuia bahari kweli?
Haizuii, mwanangu. Kuzuia ni kazi ya tuta la chini. Maji matamu yanaosha chumvi iliyokwisha kupenya.

Usiku hakuna anayeteka. Kwa nini tusifunge?
Mchanga wa mto ukikauka usiku, maji ya asubuhi unayanywa wenyewe kwanza, na wa chini hawapati kitu mpaka mchana. Samaki nao hawawezi kungoja.

Mama zetu wanafua huko chini. Tuwaambie vipi?
Kabla ya kuongeza maji mwambieni sheha, na litangazwe msikitini. Watoto wasiwe mtoni saa hiyo.

Masika yakichelewa je?
Tarehe 1 Februari tazameni kipimo cha maji ya bwawa. Kwa hesabu yetu bwawa liwe na kama 29,000. Likiwa chini ya hapo, punguzeni mpunga siku hiyo hiyo. Lita 2 za mto zisiguswe.