Somo: Kupaka rangi kwa mkono picha nyeusi na nyeupe

Historia kidogo kabla hamjashika pamba. Picha za kamera za Mfaransa Louis Daguerre zilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, watu walistaajabu, kisha wakaanza kulalamika: mbona hazina rangi? Mswisi Johann Isenring alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipaka, kwa rangi ya unga iliyochanganywa na gundi, akaipasha moto ishike. Lakini mimi mafundi ninaowahusudu ni wa Yokohama, Japani. Mpiga picha Felice Beato alifungua studio huko miaka ya 1860 akaajiri wachoraji wenyeji, wenye mkono mwepesi. Tazama kimono kwenye picha zile: rangi ipo, na kila mkunjo bado unauona. Rangi inapita juu tu. Kivuli cha picha ndicho kinachofanya kazi.

1. Toa nakala kwenye karatasi isiyong'aa, iwe imepauka kidogo. Penye weusi mzito rangi haionekani.

2. Tunatumia rangi za mafuta zinazopitisha mwanga. Futa karatasi nzima kwa pamba yenye tapentaini kidogo, kisha ikaushe kwa pamba safi.

3. Anza na uso. Weka tone kama punje ya mtama, sugua kwa kuzungusha mpaka uhisi umeweka kidogo mno. Achia hapo hapo. Kwa ngozi zetu kahawia tupu inafanya uso uwe kama udongo. Tia wekundu kidogo, na paji la uso na pua viache ving'ae vyenyewe. Midomo ndiyo mtego. Bibi yangu nilimpaka mpaka akaonekana ametoka kula tambuu.

4. Nguo, kisha herini na vifungo kwa kijiti cha meno kilichoviringishwa pamba. Ukivuka mpaka, futa kabla haijakauka.

5. Laza picha siku kadhaa mbali na vumbi.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nina picha ya harusi ya babu, ipo moja tu. Niipake yenyewe?
— Marahaba. Thubutu! Ipige skani, utoe nakala hata tano, uharibu hizo.

Yangu ni ya karatasi inayong'aa, rangi inateleza.
— Itateleza tu, haina pa kushika. Chapisha upya.

Nimechapisha kwa printa ya nyumbani, naweza kutumia rangi za maji?
— Jaribu pembeni kwanza. Wino wa printa nyingi ukiguswa na maji unatapakaa. Penseli za rangi zitakufaa zaidi.

Kwa nini nisitumie programu ya simu? Sekunde tatu tu.
— Tumia. Ila programu haijui kanga ya mama yako ilikuwa nyekundu. Inabahatisha. Muulize shangazi, ndipo upake.

Shangazi anasema ilikuwa ya kijani, mama anasema nyekundu.
— Hapo mimi simo. Toa nakala mbili.