Kumwalika mama Ulaya: viza ya Schengen na karatasi za nyumbani

Mara ya kwanza nilipomwalika mama, alinyimwa viza. Upande wangu nilikuwa nimekusanya kila kitu: hati za mshahara za miezi sita, mkataba wa nyumba, na barua ya mwaliko ya kurasa tatu. Upande wake kulikuwa na pasipoti, picha na bima. Jibu lilikuja kwenye fomu yenye orodha ya sababu, moja ikiwa imewekewa alama: kuna mashaka ya msingi kama mwombaji ataondoka kabla viza yake haijaisha.

Mama alinipigia simu jioni ile. "Mwanangu, wanasema sitarudi. Nisirudi, ng'ombe nimwachie nani?"

Swali lake ndilo lilikuwa jibu waliloliomba, na hatukuwa tumeliandika popote kwenye faili lile. Mwaka uliofuata tulipeleka maombi upya na mama akaja. Mshahara wangu ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni karatasi za Marangu, kijijini kwa mama. Ndiyo maana nawaandikia ndugu mnaoishi Ulaya na mnaotaka wazazi waje kuwatembelea, maana naona wengi tunakazana na upande wetu na kuwaacha wazazi waende kwenye miadi mikono mitupu.

Kwanza tuelewane viza yenyewe. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotambua viza moja ya kutembelea, lina nchi 29, tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu mwezi Januari 2025. Uingereza na Ireland hazimo, zina viza zao. Viza ya Schengen ya kutembelea ni ya aina C, na humruhusu mtu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia. Aina A ni ya kupita ndani ya uwanja wa ndege tu, bila kuingia nchini. Aina D ni ya kukaa muda mrefu, kwa masomo, kazi au kuungana na familia, na kila nchi huitoa kwa sheria zake. Kama nia yako ni mama akae mwaka mzima akusaidie kulea mjukuu, viza C haikufai, na usitegemee kuiongezea muda akishafika. Kuongezwa kwake ni kwa dharura kama ugonjwa mkubwa au jambo lisilozuilika.

Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo mgeni atakaa siku nyingi zaidi. Akigawa siku sawa kwa sawa, ni nchi atakayoingia kwanza. Mtu huomba katika nchi anayoishi kihalali: mama aliye Tanzania ataomba Tanzania, na dada yako mwenye kibali cha kuishi Oman ataomba Muscat, hana haja ya kurudi Dar es Salaam kwa ajili hiyo. Ikiwa nchi unayoishi wewe haipokei maombi mjini Dar au Nairobi, angalia kwenye tovuti yake ni ubalozi gani unaoishughulikia. Maombi hufunguliwa miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, na unaweza kufika 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Mimi huanza miezi minne kabla, kwa sababu ugumu uko kwenye kupata miadi. Na hapo ndipo vishoka wanapokula fedha za watu, wakidai wana nafasi za kuuza au wanafahamiana na mtu wa ndani. Kituo kinachopokea maombi hakiamui lolote. Kazi yake ni kupokea makaratasi, kuchukua alama za vidole na kupeleka ubalozini.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Kituo kina ada yake ya huduma juu ya hiyo. Ukinyimwa, fedha hairudi. Kuna kundi moja ambalo wengi hawalijui: kama mume au mke wako ni raia wa Umoja wa Ulaya na mnaishi katika nchi ya Umoja ambayo si yake, kwa mfano Mfaransa anayeishi Ubelgiji, wazazi wenu mnaowatunza wana haki ya viza bila ada na kwa utaratibu mwepesi zaidi. Ulizieni kabla ya kulipa.

Sasa karatasi za nyumbani

Afisa anayesoma faili hamjui mama yako. Ana dakika chache, na anajiuliza mambo mawili: nani atalipa gharama, na huyu mama ana nini cha kumrudisha. La kwanza unaweza kulijibu wewe. La pili analijibu mama, na wazazi wetu wengi wana mambo mengi ya kuwarudisha ila hayajawahi kuandikwa.

Mama yangu hana ajira wala pensheni. Ana kihamba, yaani shamba la ukoo, cha migomba na kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa, na kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, anachokutana nacho kila wiki. Kwa faili la pili tulifanya hivi. Mtendaji wa kijiji aliandika barua yenye muhuri kueleza kwamba anamfahamu, anaishi pale tangu lini, analima shamba gani na anaishi na nani. Tukaambatisha hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba. Kama hamna, hata mkataba wa zamani wa mauziano wenye mashahidi ni bora kuliko kukaa kimya. Chama cha ushirika kilitupa stakabadhi za kahawa aliyouza misimu miwili. Katibu wa kikoba aliandika kwamba mama ni mweka hazina, akataja tarehe ya mgao wa mwisho wa mwaka, na tarehe hiyo ilikuwa wiki mbili baada ya tiketi yake ya kurudi. Naamini karatasi ile ilisema mengi kuliko barua yangu ya kurasa tatu.

Mzazi mstaafu aambatishe taarifa ya pensheni. Mfanyabiashara awe na leseni na namba ya mlipakodi. Mwenye ajira apate barua ya mwajiri inayosema ameruhusiwa likizo kuanzia lini hadi lini, na kwamba nafasi yake inamngoja. Kwa ndugu wa Kenya, barua ya chifu hufanya kazi ile ya mtendaji.

Kuhusu fedha, taarifa za benki zinazotakiwa kwa kawaida ni za miezi mitatu. Tafadhali msimwingizie mama milioni tano wiki moja kabla ya miadi. Akaunti iliyokuwa na laki moja kwa miezi yote kisha ikafura ghafla inazua maswali ambayo faili halikuwa nayo. Kama fedha zake zinapita kwenye simu, omba taarifa ya M-Pesa au mtandao wowote anaotumia, ichapishwe. Na kama wewe humtumia kila mwezi, hilo si la kuficha. Weka rekodi za utumaji, zinaonyesha uhusiano wenu na jinsi mama anavyoishi.

Majina ndiyo yaliyotutesa zaidi. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la mama la kwao, pasipoti yake ina jina la mumewe, yaani baba yangu. Kwa afisa, hao ni wanawake wawili tofauti, na mimi sijathibitisha kwamba ninayemwalika ni mama yangu. Cheti cha ndoa kinaunganisha. Kama hakipo, apate kiapo cha majina kwa wakili. Cheti cha kuzaliwa ambacho hakijapatikana, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi Tanzania, wanasajili hata watu wazima, lakini inachukua muda, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza mapema. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika na ubalozi husika.

Pasipoti yenyewe iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifike euro 30,000, ilipie matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani, hata kwa msiba, na itambulike katika nchi zote za Schengen. Mwenyeji anaruhusiwa kumkatia mgeni wake bima huku aliko. Tiketi usiinunue kabla ya viza. Kuweka nafasi tu kunatosha.

Upande wako mwenyeji

Barua ya mwaliko iwe fupi: wewe ni nani, kibali chako cha ukaazi, mgeni ni nani kwako, atakaa wapi, kuanzia lini hadi lini, nani analipa. Ukurasa mmoja. Nchi nyingi zina fomu rasmi ya kumdhamini mgeni, na barua haichukui nafasi yake. Ujerumani inaitwa Verpflichtungserklärung, hutolewa na ofisi ya wageni ya mji unaoishi kwa euro 29. Ufaransa ni attestation d'accueil, unaichukua ofisi ya meya na kulipia stempu ya euro 30. Uholanzi ni fomu ya garantstelling, sahihi yako ikithibitishwa na manispaa, na Ubelgiji ni annexe 3bis kutoka ofisi ya kata. Someni mnachokisaini. Kwa Ujerumani, kwa mfano, mgeni akipata gharama ambazo serikali imelazimika kuzilipa, watakuja kuzidai kwako. Kama mshahara wako hautoshi, ndugu au rafiki mwingine anayeishi huko anaweza kudhamini.

Mkae na mama kwa simu kabla ya miadi, siyo kumfundisha maneno ya kukariri. Ajue tu anwani yako, kazi yako, wajukuu wangapi, na siku ngapi atakaa. Akiulizwa nani anabaki na shamba, ajibu kama anavyojibu nyumbani. Na akiulizwa kama aliwahi kunyimwa, aseme ndiyo. Taarifa hiyo ipo kwenye mfumo wao wa pamoja kwa miaka mitano, na kuificha ndiko kunakoharibu.

Akinyimwa, fomu itaeleza sababu na namna ya kukata rufaa kwa sheria za nchi hiyo. Ujerumani tangu Julai 2025 imefuta utaratibu wa kuandika barua ya kupinga ubalozini, kwa hiyo kilichobaki ni mahakama au maombi mapya. Hakuna muda wa kusubiri uliowekwa kabla ya kuomba tena. Binafsi naona maombi mapya yenye majibu ya sababu ile iliyowekewa alama yanafaa kuliko kesi ndefu, ila msirudishe faili lilelile.

Viza ikitoka, soma stika vizuri kabla ya kukata tiketi. Kuna tarehe za uhai wa viza, na kuna idadi ya siku za kukaa, na havilingani. Stika inaweza kuwa hai siku 45 huku siku zilizoruhusiwa ni 30 tu. Nimewajua watu waliozidisha siku kwa kusoma tarehe peke yake. Pia viza si ruhusa kamili ya kuingia. Afisa wa mpakani anaweza kuuliza upya, kwa hiyo nakala za barua, bima, udhamini na namba yako ya simu zikae kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi lililokwenda chini ya ndege. Mfumo mpya wa kuingia na kutoka ulioanza 12 Oktoba 2025 unachukua picha ya uso na alama za vidole na kuhesabu siku wenyewe.

Akirudi nyumbani, tunza tiketi ya kupandia ndege. Mtu aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili na kuzitumia vizuri anastahili ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, kisha ya miaka miwili, kisha mitano. Alama za vidole nazo hutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo safari ijayo inaweza kuwa nyepesi zaidi.

Na kwa kuwa mama hasafiri mikono mitupu: nyama, maziwa na samli haviruhusiwi kuingizwa, hata kidogo. Embe na parachichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Dagaa wakavu hawana tatizo, mradi mzigo wa samaki usizidi kilo 20. Nazi, nanasi, tende na ndizi hazihitaji cheti. Mama aliposikia kuhusu ndizi alishusha nguo nusu ya begi, na tukala mtori, supu ya ndizi, wa Marangu wiki nzima.