Kimo cha farasi: kutoka viganja hadi sentimita

Anayenunua farasi Dar es Salaam huweza kukabidhiwa karatasi iliyoandikwa 14.3hh (hh ni kifupi cha Kiingereza "hands high", yaani kimo kwa viganja), huku fundi wa banda akimdai sentimita. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kinachowanasa watu ni ile nukta.

Kiganja cha kupimia farasi ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Usikichanganye na shubiri, ambayo ni ndefu zaidi. Tarakimu inayofuata nukta ni inchi zilizobaki, kwa hiyo haizidi 3: baada ya 14.3 inakuja 15.0. Ukikuta 15.5 kwenye karatasi ya muuzaji, dai farasi apimwe upya mbele yako.

Zidisha viganja kwa 4, ongeza inchi, kisha zidisha kwa 2.54. Kwa 14.3 unapata 56, ukiongeza 3 ni 59, mara 2.54 ni 149.86, karibu sentimita 150. Aliyebonyeza kikokotoo 14.3 mara 10.16 amepata 145.3. Tofauti hiyo ni kubwa, maana katika mashindano ya kimataifa poni, yaani farasi wa kimo kidogo, hatakiwi kuzidi sentimita 148 bila viatu, au 149 akiwa navyo. Kosa la nukta linamfanya farasi aonekane poni, na mnunuzi anakuja kugundua siku ya kupima.

Kurudi kwenye viganja, gawanya sentimita kwa 2.54, kisha inchi kwa 4. Sentimita 158 ni inchi 62.2, 62 kwa 4 ni 15, baki 2. Andika 15.2.

Upimaji ndio unaoharibika zaidi. Msimamishe farasi kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Kwenye mchanga kwato huzama na kimo hupungua. Miguu ya mbele iwe sambamba, kichwa kisiinuliwe wala kisiinamishwe sana. Pima hadi kilele cha mabega, pale shingo inapoishia na mgongo kuanza. Kichwa na masikio havihesabiki. Sogeza manyoya ya shingoni pembeni, laza ubao juu ya kilele hicho, weka pima maji juu yake, na kiputo kikikaa katikati ndipo usome futi iliyonyooka wima kutoka sakafuni. Futi ikilazwa juu ya mwili hufuata mbavu, hivyo kimo kinaongezeka. Farasi mwenye wasiwasi hukaza misuli na kujiinua, kwa hiyo msubiri atulie, halafu rudia mara tatu.

Kimo hakitoshi kukadiria dozi ya dawa ya minyoo. Hiyo hufuata uzito. Pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, na urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzingo mara mzingo mara urefu, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 11,880, unapata kilo. Mzingo 175 na urefu 155 ni kama kilo 400. Kanuni hii ni ya farasi aliyekomaa. Punda na watoto wa farasi wana zao.